Kumfundisha mhudumu wa zahanati kutibu kukosa usingizi

Mgonjwa akiingia zahanati yoyote kati ya Kibaigwa na Manyoni na kusema "daktari, usingizi hauji," mara nyingi hutoka na vidonge au ushauri. Vidonge huwa diazepamu au amitriptilini. Asipovipata hapo, duka la dawa halikosi piritoni, dawa ya mzio ambayo watu wameizoea kwa sababu inasinziisha. Ushauri nao unajulikana: punguza mawazo, acha chai ya usiku, lala mapema. Hilo la mwisho, kwa mtu ambaye usingizi umempotea miezi mingi, linaweza kumwongezea ugonjwa. Naeleza hapa kwa nini, na kwa nini kumfundisha tabibu au muuguzi tiba iliyo sahihi kunahitaji zaidi ya semina ya siku moja.

Tiba yenyewe haina utata kwa wataalamu. Mwaka 2016 Chuo cha Madaktari wa Magonjwa ya Ndani cha Marekani kilitoa mwongozo unaosema mtu mzima mwenye tatizo sugu la kukosa usingizi aanze na tiba ya utambuzi na tabia, na dawa zifikiriwe baadaye ikiwa tiba hiyo peke yake haikutosha. Miongozo ya Ulaya ilisema hivyo mwaka 2017 na ikarudia 2023. Ni tiba ya mazungumzo na mazoezi ya nyumbani, vikao vinne hadi vinane, isiyohitaji mashine wala maabara. Kwa nchi ambayo madaktari bingwa wa afya ya akili ni wachache na wengi wao wako mijini, tiba inayotolewa kwa karatasi, kalamu na simu ya kitochi ingepaswa kuwa imeenea hadi vijijini. Haijaenea, kwa sababu wanaopaswa kuitoa hawajafundishwa.

Nani anaumwa, nani amenyimwa nafasi

Jambo la kwanza la kufundisha ni kutofautisha. Kijana wa bodaboda pale Sabasaba, Dodoma, anayepaki saa nane usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri hana ugonjwa wa kukosa usingizi. Akiweka kichwa kwenye mto amezama. Anachokosa ni muda. Mlinzi wa lindo la usiku anayelala mchana kwenye chumba chenye bati lililopata moto naye ana shida nyingine, na mama mwenye mtoto mchanga vivyo hivyo. Ugonjwa tunaouzungumzia ni wa mtu ambaye nafasi ya kulala anayo, kitanda anacho, giza lipo, na bado usingizi haumchukui, au unamkatika saa nane na haurudi, au anaamka saa kumi akiwa macho makavu. Na siku inayofuata kazi haiendi, hasira ziko karibu, kichwa kizito. Vigezo vinavyotumika kimataifa vinataka hali hiyo itokee angalau siku tatu kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu.

Halafu kuna magonjwa yanayojificha nyuma ya malalamiko hayohayo. Anayekoroma kwa nguvu na pumzi ikamkata usingizini, mwenzi wake akalazimika kumtikisa, apimwe tatizo la kuziba kwa njia ya hewa. Anayeamka mara nne kwenda kukojoa aulizwe kuhusu sukari, tezi dume, na saa anayomeza dawa ya kupunguza maji mwilini; furosemidi ikimezwa jioni itamwamsha tu. Mtu anayetumia dolutegraviri, dawa ya VVU, na usingizi ukavurugika tangu aanze, kuhamishia kidonge asubuhi kunaweza kutosha. Kikohozi cha usiku, pumu, pombe, maumivu ya viungo, vyote vinaulizwa kabla ya mtu kupewa jina la ugonjwa.

Sonona inahitaji maelezo yake. Zamani wahudumu walifundishwa kwamba kukosa usingizi ni dalili tu, tibu sonona na usingizi utarudi wenyewe. Leo mtazamo umebadilika: kukosa usingizi kunatambuliwa kama ugonjwa unaoweza kutangulia sonona, kuambatana nayo, na kubaki baada ya sonona kupona. Kwa hiyo vyote viwili vinatibiwa, na hakuna sababu ya kimoja kusubiri kingine. Muuguzi anayeuliza kuhusu usingizi lazima pia awe na ujasiri wa kuuliza kama mgonjwa amewahi kufikiria kujiua, na ajue ampeleke wapi jibu likiwa ndiyo.

Kwa nini usingizi haurudi hata baada ya msiba kuisha

Mwaka 1987 Mmarekani Arthur Spielman na wenzake walieleza ugonjwa huu kwa mambo matatu ambayo bado ndiyo uti wa mgongo wa mafunzo yote. Kuna viandalizi: mtu alizaliwa na usingizi mwepesi, au ni mwenye wasiwasi kwa tabia. Kuna vichochezi: msiba, ugonjwa wa mtoto, kuhamishwa kituo cha kazi, mkopo. Na kuna viendelezi, yaani yale anayofanya mtu ili kupambana na hali hiyo, ambayo ndiyo yanayoishikilia.

Tumchukue mwalimu wa shule ya msingi huko Kondoa, wa kubuni, lakini kila mhudumu amekutana na mfano wake. Mama yake amefariki. Wiki za kwanza halali, na hakuna anayeshangaa. Miezi sita imepita, arobaini imeshasomwa, machozi yamepungua, usingizi haujarudi. Ukimsikiliza kwa makini utasikia alichobadilisha. Zamani alikuwa anapanda kitandani saa nne. Sasa anapanda saa mbili na nusu "ili angalau apumzike." Akirudi shule anajinyoosha kwa saa moja. Jumamosi halali saa za kawaida; anabaki kitandani hadi jua limepanda akitafuta kufidia. Usiku akiamka anaangalia saa kwenye simu, anapiga hesabu ya saa zilizobaki, na moyo unaanza kwenda mbio. Kitanda kilichokuwa mahali pa kulala kimekuwa mahali pa kuhangaika, na mwili umejifunza hivyo. Kilichomkosesha usingizi mwanzoni kilikuwa msiba. Kinachomkosesha sasa ni huo mpangilio mpya, na ndiyo maana kumwambia "mwalimu, punguza mawazo, lala mapema" ni kumsukuma kwenye shimo lilelile.

Kuelewa kwa nini, mshiriki wa mafunzo anahitaji fiziolojia kidogo tu. Kifaa cha kupima ubongo hakihitajiki hapa. Nguvu mbili zinatosha, kama zilivyoelezwa na Alexander Borbély mwaka 1982. Ya kwanza ni shinikizo la usingizi, linalojijenga kadiri mtu anavyokaa macho. Ni kama njaa: aliyekula maandazi matatu saa kumi jioni hawezi kuushambulia ugali saa mbili usiku, na aliyejinyoosha jioni hawezi kudai usingizi mzito usiku. Ya pili ni saa ya mwili, inayopangwa zaidi na mwanga wa asubuhi. Hapa Dodoma, nyuzi kama sita kusini mwa ikweta, jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi mwaka mzima. Wenzetu wa nchi za kaskazini, ambako wakati wa baridi kunakucha saa tatu, wanahangaika kupata mwanga huo. Sisi tunao mlangoni bure, na mtu akiamka saa ileile kila siku na kutoka nje, saa ya mwili inapata mahali pa kushika.

Tiba inafanya nini hasa

Sehemu yenye nguvu kuliko zote, na inayomtisha mhudumu kuliko zote, ni kupunguza muda wa kitandani. Mwalimu wetu anajaza shajara ya usingizi kwa wiki moja au mbili: alipanda saa ngapi, alilala baada ya muda gani, aliamka mara ngapi, alishuka saa ngapi. Tuseme anapanda saa 2:30 usiku na kushuka saa 12:00 asubuhi. Hizo ni saa tisa na nusu kitandani. Wastani wa usingizi wenyewe ni saa tano na nusu. Gawanya, unapata asilimia 58. Huo ndio ufanisi wa usingizi wake. Mtu anayelala vizuri huwa juu ya asilimia 85.

Sasa mhudumu anamwekea muda wa kitandani unaolingana na usingizi alionao, si ule anaoutamani. Wanaanza na saa ya kuamka, kwa sababu hiyo ndiyo nanga: saa 11:30 alfajiri, kila siku, Jumapili ikiwamo. Kutoka hapo wanarudi nyuma saa tano na nusu: kupanda kitandani ni saa 6:00 usiku, si kabla, hata akisinzia kwenye kiti. Baada ya wiki wanapiga hesabu tena. Akiwa amelala saa tano kati ya tano na nusu, ufanisi umefika asilimia 91, anaongezewa dakika 15: sasa apande saa 5:45. Ukiwa kati ya 85 na 90 wanabaki palepale. Ukiwa chini ya 85 muda unapunguzwa kidogo, lakini kamwe si chini ya saa tano. Wiki kwa wiki muda unapanuka mpaka ufike pale ambapo mtu analala vizuri na mchana yuko sawa.

Sambamba na hilo kuna kanuni alizoziandika Richard Bootzin mwaka 1972, za kurudisha uhusiano wa kitanda na usingizi. Panda ukiwa na usingizi, si ukiwa umechoka tu. Kitanda ni cha kulala na tendo la ndoa. Simu, hesabu za kikoba na ugomvi vibaki nje. Ukiona usingizi hauji, usibaki ukigeuka-geuka. Ondoka, kaa mahali tulivu, rudi usingizi ukija. Amka saa ileile. Usilale mchana.

Kazi ya fikra inakuja baada ya hapo. Mgonjwa akisema "nina mawazo," wahudumu wengi huishia kumpa pole. Aliyefunzwa anauliza: saa nane usiku, wazo lenyewe linasema nini? Mara nyingi linasema "nisipopata saa nane za usingizi nitaugua," au "kesho nitaanguka darasani." Hayo yanapimwa dhidi ya ushahidi wa mgonjwa mwenyewe: ni mara ngapi umelala vibaya mwaka huu, na mara ngapi ulianguka darasani? Mawazo ya kweli, kama ada au deni, yanapewa muda wake jioni, karatasini, mapema kabla ya kulala. Mazoezi ya kutuliza misuli na pumzi yanasaidia wengine, na yanafundishika kwa dakika chache.

Ushauri wa usafi wa usingizi, yaani mambo ya kahawa, pombe, mwanga na kelele, upo ndani ya tiba lakini si tiba. Nalisisitiza hili kwa sababu ndipo mafunzo mengi yanapokwama: mhudumu anagawa kipeperushi, anahesabu kwamba ametibu. Kwa mgonjwa sugu, kipeperushi peke yake hakitoshi.

Na kuna ahadi ambayo mhudumu lazima afundishwe kutoitoa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015, ukijumlisha majaribio 20, ulionyesha waliotibiwa walipata usingizi mapema kwa wastani wa dakika 19, na muda wa kukesha katikati ya usiku ulipungua kwa dakika 26. Jumla ya saa za kulala iliongezeka kwa dakika kama nane tu. Tiba hii inaunganisha usingizi uliokatika-katika, inaondoa vita ya usiku, na mtu anaanza kuamka akiwa na nguvu. Saa nyingi zaidi zinaweza kuja baadaye, taratibu. Mhudumu akimwahidi mgonjwa saa nane ndani ya mwezi, amemjengea sababu ya kukata tamaa wiki ya pili.

Pale mafunzo yanapovunjika

Hatua hizi zinaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja, na mtu mwenye stashahada ya utabibu au uuguzi atazielewa kabla ya chai ya saa nne. Tatizo linaanza mgonjwa anapokaa mbele yake. Fikirieni igizo ambalo ningetaka kila darasa lifanye na kurudia: mshiriki mmoja ni muuguzi kijana, mwenzake anacheza mama wa miaka 58 anayeuza mboga Soko la Majengo. Mama anapanda kitandani saa mbili usiku, anashuka saa kumi na moja alfajiri kwenda kufuata mzigo, na kati ya saa hizo tisa analala sita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, kwa shajara hii, ningependa wiki hii uwe unapanda kitandani saa tano. Kuamka ni saa yako ileile."

"Saa tano! Mwanangu, mimi nimekuja kwako silali, na wewe unaniambia nisilale?"

Hapa ndipo tiba inaponea au kufia. Muuguzi aliyeelewa hatua lakini hajafanyia mazoezi anaona aibu, mama ni mkubwa kwake, heshima inamvuta, anasema: "Basi mama, jaribu hata saa tatu." Kwa sentensi hiyo amempa mgonjwa usumbufu bila faida yake, kwa sababu saa nane kitandani kwa usingizi wa saa sita hakujengi shinikizo la kutosha. Mama atarudi baada ya wiki mbili na kusema tiba haifanyi kazi, na muuguzi ataamini.

Aliyefunzwa vizuri hashindani wala halegezi. Anauliza:

"Mama, tuongee hizo saa tatu za mwanzo, tangu saa mbili. Huwa unafanya nini kitandani?"

"Nageuka tu. Nawaza marejesho, nawaza huyu wa mwisho ada yake."

"Basi sikuondolei usingizi, mama. Usingizi wako wa saa sita nakuachia wote. Nakuondolea kule kugeuka."

"Nitasinzia sokoni."

"Wiki ya kwanza utasinzia, sikufichi. Ya pili pia kidogo. Nitakupigia Alhamisi nijue unaendeleaje, na ukisinzia vibaya kabla ya hapo, wewe nipigie."

Angalia yaliyomo humo. Amemuuliza badala ya kumhubiria. Ameusema ugumu waziwazi kabla haujatokea. Na ameahidi simu katika siku ambayo kwa kawaida mgonjwa anataka kuacha. Hakuna kitabu kinachoweza kumpa mtu uwezo huo. Unapatikana kwa kufanya, kukosea mbele ya mtu anayejua, kurekebishwa na kufanya tena.

Sehemu nyingine inayohitaji mkufunzi makini ni kujua nani asipunguziwe muda wa kitandani. Mwenye kifafa, kwa sababu kunyimwa usingizi kunaweza kuleta degedege. Mwenye ugonjwa wa hisia mseto, anayeweza kupandishwa kwenye wazimu wa furaha. Dereva wa lori la Dodoma kwenda Singida, fundi wa mashine ya kukamua alizeti, mzee dhaifu anayeyumba akiamka usiku: hawa kusinzia kwa wiki mbili ni hatari ya kweli. Kwao kuna njia ya polepole, ya kupunguza muda kidogo kidogo kila wiki, au kuacha kabisa kipengele hicho na kutumia vingine. Ningependa mshiriki asipewe cheti kabla hajaweza kueleza, bila kusoma, ni wagonjwa gani angewarudisha kwa daktari na kwa nini.

Vidonge navyo vina somo lake. Mgonjwa ambaye amemeza diazepamu kila usiku kwa mwaka haachishwi ghafla. Anaweza kupata wasiwasi mkali, kutetemeka, hata degedege. Kipimo kinapunguzwa taratibu chini ya daktari, na tiba hii inaendelea pembeni. Usiku unaofuata punguzo mara nyingi ni mbaya, na mgonjwa anasema "mnaona? bila dawa silali." Mhudumu anapaswa kumwambia mapema kwamba huo ni mwili unaozoea na unapita. Hapa muuguzi hawezi kusimama peke yake: daktari na mfamasia wanahitaji kukaa darasa moja naye, angalau kwa nusu siku, ili mgonjwa asiambiwe maneno matatu tofauti kwenye milango mitatu.

Muuguzi anaweza?

Swali hili huulizwa kila jambo la saikolojia linapotaka kushushwa ngazi ya chini, na kwa usingizi limeshajibiwa. Huko Glasgow, Uskoti, Colin Espie na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba wauguzi wa kliniki za kawaida wanaweza kuitoa tiba hii kwa vikundi vidogo na wagonjwa wakapata nafuu. Mwaka 2023 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la Uingereza lenye wagonjwa 642, ambapo wauguzi wasio wataalamu wa usingizi waliwaongoza wagonjwa kupunguza muda wa kitandani kwa vikao vinne tu. Waliolinganishwa nao walipewa kijitabu cha usafi wa usingizi peke yake. Baada ya miezi sita, kwenye kielezo cha ukali wa kukosa usingizi chenye alama 0 hadi 28, kundi la wauguzi lilikuwa na wastani wa 10.9 na kundi la kijitabu 13.9.

Karibu na kwetu, Harare, mradi wa Benchi la Urafiki wa Dixon Chibanda umewafundisha bibi wa mitaani, wahudumu wa afya wa jamii, kutoa tiba ya kutatua matatizo kwa watu wenye msongo na sonona; jaribio lake lilichapishwa mwaka 2016 na matokeo yalikuwa mazuri. Hiyo haikuwa tiba ya usingizi. Ninaitaja kwa sababu ya kitu kimoja: bibi wale hawakuachwa peke yao baada ya mafunzo. Walikuwa na wa kumrudia.

Idara ya Maveterani ya Marekani ilipoamua kusambaza tiba ya usingizi katika hospitali zake, ilipanga hivyohivyo. Semina ilikuwa ya siku tatu. Kilichofuata ni takriban miezi minne ya vikao vya simu kila wiki, mshiriki akitibu wagonjwa halisi, akirekodi vikao, na mshauri akisikiliza na kumpa alama. Pima uwiano huo: siku tatu za ukumbini, miezi minne ya kushikwa mkono. Kwetu mara nyingi tunafanya kinyume. Bajeti inalipa ukumbi, vitini, chakula na posho, cheti kinatolewa Ijumaa mchana, na Jumatatu mtu yuko kituoni kwake Mpwapwa na foleni ya wagonjwa sitini, hana wa kumuuliza.

Dodoma inavyo vinavyohitajika

Miji michache Tanzania ina mkusanyiko kama wa Dodoma kwa kazi hii. Ipo Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, yenye wauguzi wa afya ya akili wenye uzoefu wa mazungumzo magumu. Kipo Chuo Kikuu cha Dodoma na kitivo chake cha tiba, kipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana kinachofundisha uuguzi na famasia, ipo Hospitali ya Benjamin Mkapa na ile ya rufaa ya mkoa. Kukutanisha watu kumi na watano kutoka taasisi hizo kwa ajili ya kuwa wakufunzi wa kwanza ni safari ya daladala, si ya ndege. Wao wakishatibu wagonjwa wao wenyewe chini ya usimamizi, ndio waende Bahi, Kongwa, Chamwino na Manyoni. Kuwapeleka kufundisha kabla hawajatibu ni kufundisha vitini.

Kitini chenyewe lazima kiandikwe kwa maisha ya hapa. Kanuni ya "ondoka kitandani, nenda chumba kingine" inadhani kuna chumba kingine. Familia ya watu watano katika chumba kimoja cha kupanga Chang'ombe haina. Kutoka nje usiku si salama, hasa kwa mwanamke. Kwa hiyo mshiriki afundishwe kupanga na mgonjwa mchana: kigoda kiko wapi, mkeka upande gani, khanga ya kujifunika, taa hafifu isiyowaamsha watoto. Kuna chandarua pia. Mtu anayekunja na kufungua chandarua mara tatu kwa usiku anaingiza mbu, basi kukaa wima ukingoni mwa kitanda, miguu chini, chandarua kikiwa kimechomekewa nyuma yake, kunakubalika kuliko kuacha zoezi zima.

Shajara nayo. Asiyesoma apewe karatasi yenye mstari wa usiku, jua likizama upande mmoja na kuchomoza upande mwingine, apake rangi pale alipolala. Kama macho hayaoni, mjukuu ajaze asubuhi. Makisio yanatosha, anayekaa macho akitazama saa ili ajaze kwa usahihi anajiharibia.

Ibada inahitaji busara. Muislamu anayeamkia swala ya alfajiri tayari ana nanga ya kuamka, na saa ile itumike kama ilivyo badala ya kumpangia nyingine. Mlokole anayekwenda mkesha wa Ijumaa hajavunja tiba. Usiku huo unaandikwa kwenye shajara, hauingii kwenye wastani, na Jumamosi anaamka karibu na saa yake ya kawaida. Mgonjwa akisema anakabwa na jinamizi, au kwamba jirani anamchezea usiku, mhudumu hacheki wala habishani. Anaeleza kwamba mwili unaweza kuamka akili ikiwa macho na misuli bado imelala, kwamba jambo hilo huwapata wengi, huongezeka usingizi unapovurugika na hupungua ukitengemaa. Anamwachia mgonjwa imani yake na kumpa kazi ya wiki.

Kupima matokeo kusiachwe. Kielezo kile cha maswali saba alichokitengeneza Charles Morin kinajazwa kwa dakika chache. Alama 15 na kuendelea zinaonyesha tatizo la kutibiwa, chini ya 8 mtu yuko salama. Kinajazwa kikao cha kwanza na cha mwisho. Kituo kikiwa na daftari moja lenye safu hizo mbili za namba, mganga mkuu wa wilaya ataona mwenyewe kama mafunzo yamefika kwa mgonjwa au yameishia ukumbini.

Gharama kubwa ya mpango kama huu ni muda wa msimamizi. Msimamizi mmoja anaweza kushika kundi la wahudumu watano, saa moja kwa wiki kwa simu ya pamoja, kila mmoja akileta shajara ya mgonjwa mmoja na hesabu yake ya ufanisi wa usingizi. Mgonjwa akikubali, dakika kumi za kikao zinarekodiwa na kusikilizwa, kisha zinafutwa. Hilo linahitaji vocha, ratiba inayoheshimiwa na zamu, na mtu anayelipwa kuifanya kama kazi yake, si hisani ya baada ya saa za kazi. Anayeandika andiko la mradi huu aanze na fungu hilo la miezi minne, ajaze kiasi chake chote, kisha ndiyo aangalie kilichobaki kwa ajili ya ukumbi.